Breki ya Mwingereza

Sehemu ya Tisa

Mlango wa karakana ulifunguliwa ghafla, na Burgi, fundi wa baiskeli, akakutwa na spana mkononi.

Hapo ndipo nilipowaachia wiki iliyopita, wajukuu zangu, na najua wapo walioninunia siku zote saba. Haya, shusheni pumzi. Aliyesimama mlangoni hakuwa polisi. Wala hakuwa Mzee Korbinian, mwenye duka la kukodisha baiskeli. Afadhali angekuwa polisi!

Alikuwa Zenzi. Mke wa Magnus, seremala aliyelazwa hospitali tangu Alhamisi, nyonga imevunjika, kwa sababu ya baiskeli hii hii iliyoning'inia hapa kwenye stendi.

"Unafanya nini na baiskeli hiyo?" Zenzi aliuliza.

"Na... naifuta tu."

"Jumapili? Kabla ya kanisa?"

"Ina matope, shoga."

Haikuwa na tope hata chembe. Burgi aliikinga kwa mgongo, akaizungusha nati ya mwisho robo mzunguko, ikakaza. Kazi ikaisha. Breki ya mbele ikawa imerudi kushoto, breki ya nyuma kulia, kama baiskeli zote za kijiji chetu, Oberlauns. Ushahidi ulifutika mbele ya macho ya mtu ambaye ndiye hasa alistahili kuuona.

Zenzi hakuona kitu. Alikuwa ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Nimekuletea keki ya tufaha. Filomena ndiye aliyeoka. Mwanangu huyo akiwa na huzuni anaoka, basi nyumba nzima inanuka mdalasini."

"Keki ya nini tena, Zenzi?"

"Ya nini, anauliza! Si wewe uliyekuwa wa kwanza kumfikia mume wangu? Daktari amesema angeinuliwa vibaya kidogo tu, leo angekuwa hajisikii kuanzia kiunoni. Ulimshika kichwa robo saa nzima bila kutikisika. Ajali yenyewe haikumbuki, ila anasema ulikuwa unamwimbia."

"Sikuimba. Nilikuwa nalia."

"Basi unalia vibaya, maana alidhani ni wimbo." Zenzi akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Alhamisi, na alikitoa kwa Burgi. "Kula bwana. Kula nikuone."

Burgi akala. Keki nzuri, laini, ya moto bado. Ikamshuka kooni kama maranda ya mbao.

Kitendawili! Nimesikia mmeitikia hata mlio mbali. Ninao mapacha, wamefanana sura, wanakaa mmoja huku mmoja kule. Ukimshika huyu, anakusimamisha. Ukimshika mwenzake, anakurusha.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Basi ni breki mbili za baiskeli.

Huku kwetu milimani mtoto anajua kabla hajajua kusoma: mkono wa kushoto ni gurudumu la mbele, mkono wa kulia ni la nyuma. Kwenye mteremko mkali, ukishtuka unabana kulia, gurudumu la nyuma linaburuzika, unabaki mzima. Lakini Waingereza wao wamezoea kinyume. Kwa hiyo wakija likizo za kiangazi, kupanda na gari la waya na kushuka na baiskeli, fundi anawabadilishia breki kabla hawajaondoka dukani. Kisha anafunga utepe mwekundu kwenye usukani ili mtu asisahau kuzirudisha.

Jumatatu Burgi alimbadilishia Bwana Pettifer kutoka Uingereza. Utepe ulikuwa umekwisha. Akajiambia, nitakumbuka. Jumatano Mwingereza akarudisha baiskeli, mvua inapiga, wageni wamejaa hadi mlangoni, Burgi akaitundika ukutani. Alhamisi asubuhi Magnus akaja, gurudumu lake limepinda, akaomba ya kuazima. Burgi akamshushia ile iliyokuwa karibu.

Hakukumbuka.

"Sasa nina ombi," Zenzi alisema, akifuta vumbi la sukari begani kwa rafiki yake. "Saa tano wenye malisho wanakutana kule juu, mbele ya kibanda cha Serafin, mzee anayetuchungia ng'ombe. Ni habari ya yule ng'ombe wake. Mzee aliacha lango wazi, ng'ombe akaingia njiani, mume wangu akaruka. Leo wanamwondoa mzee malishoni. Lakini Korbinian anasema fundi lazima athibitishe kwamba baiskeli ilikuwa nzima. Njoo nayo, watu waione. Useme neno moja tu."

"Neno gani?"

"Nzima. Basi. Unaliweza?"

Burgi alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki.

*

Saa tatu alikuwa tayari kwenye kituo cha kati, ameshuka na baiskeli kutoka gari la waya. Alitaka kumwona Serafin kabla ya wengine. Mzee yule ndiye baba yake wa ubatizo, aliyembeba siku ya kubatizwa, na tangu baba yake afariki, Burgi alimwita yeye baba.

Alikusudia kumwambia. Naapa alikusudia. Njia nzima alikuwa anapanga maneno.

Alimkuta mzee amekaa kizingitini, anapakia kengele za ng'ombe ndani ya kreti, kila moja ameizungushia gazeti isilie.

"Aaa, mwanangu! Karibu mtindi. Unywe mwingi, kuanzia kesho huu ni wa mtu mwingine."

"Baba Serafin, usipakie kwanza."

"Nisubiri waje wanipakie? Miaka thelathini na nane sijasukumwa na mtu nje ya mlango huu. Nitoke na miguu yangu." Akaipima kengele kubwa kwa mkono. "Vuli ng'ombe watashuka kijijini bila maua vichwani. Mwaka wa balaa, hawavishwi. Watu watasimama barabarani wahesabu, wataona pembe tupu, watasema: hizo ni za Serafin."

"Magnus hajafa, Baba."

"Hajafa. Namshukuru Mungu kila nikikohoa." Kisha akamwegemea kama mtu mwenye siri. "Nikuulize jambo. Wewe hunichekagi."

"Uliza."

"Mtu akianza kupoteza akili, anajijua?"

Burgi akaweka bakuli la mtindi chini.

"Maana mimi lile lango nililifunga," mzee alisema. "Mkono unakumbuka. Niliinua kile chuma, nikakishusha kwenye tundu, nikakipiga kofi, pa! kama siku zote. Mkono unaniambia hivyo. Lakini watu kumi na watano walilikuta wazi, na ng'ombe wangu Alma amesimama pale anamlamba Magnus uso. Watu kumi na watano! Basi nani mwongo? Mkono au kichwa?" Akajaribu kutabasamu. "Jana nimeshindwa kukumbuka jina la mbwa wangu wa kwanza. Binti wa dada yangu ananitafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Anasema huko hakuna malango."

Hapo, wajukuu zangu, ndipo Burgi alipoitazama mikono yake mwenyewe.

Maana alikumbuka. Alhamisi ile alikuwa malishoni kurekebisha kibao cha njia. Alisikia kishindo, halafu kimya. Alikimbia. Na kati yake na Magnus kulikuwa na lango, limefungwa, chuma kimekaa tunduni barabara. Alikiinua yeye. Kwa mikono yake miwili. Akalisukuma lango, akakimbia, hakugeuka nyuma. Alma alimfuata tu, kama ng'ombe yeyote anavyofuata lango lililo wazi.

Hakukuwa na ng'ombe njiani. Magnus aliruka pasipo ng'ombe. Hakukuwa na uzee wala usahaulifu. Kulikuwa na Burgi mwanzo na Burgi mwisho.

"Baba," alianza. "Lile lango..."

"Habari za asubuhi, Serafin!" sauti ikaita kutoka kwenye njia. Wenye malisho walikuwa wanafika, wamevaa makoti ya kanisani, na aliyewatangulia ni Zenzi.

Na Burgi, Mungu amsamehe, akafunga mdomo.

*

Walikaa kwenye mabenchi mbele ya kibanda, watu kumi na watano, jua usoni, mgongo wa mlima umewainamia. Mzee Korbinian alikuwa mwenyekiti wa malisho na pia mwenye duka. Alikohoa kikohozi cha mkutano.

"Hatukuja kumla mtu nyama. Serafin ni mwenzetu. Lakini wageni wanapita hapa na baiskeli mia mbili kwa siku, na mtu wetu kavunjika. Serafin, una la kusema?"

"La kusema ninalo, ila sijui kama ni la kweli," mzee alijibu. Wengine wakatazama viatu vyao.

"Burgi. Ulimpa Magnus baiskeli gani?"

"Hii hapa."

"Ilikuwa nzima?"

Neno moja tu, wajukuu zangu. Zenzi alimtazama na kumpa moyo kwa kichwa, hivi, kama unavyompa moyo mtoto anayeimba mbele ya watu.

"Nzima," Burgi akasema.

Korbinian akaandika.

Serafin akainuka. Hakulalamika, na hapo ndipo pabaya. Alimwendea Zenzi, akavua kofia.

"Basi ni mimi, mama. Nilikuwa bado nashindana na kichwa changu. Lakini Burgi hasemi uongo, nimembeba mtoto huyu angali mchanga. Ikiwa baiskeli ilikuwa nzima, basi lango niliacha wazi. Nisamehe. Nitakwenda huko kwa wazee wenzangu." Akageuka kwa Korbinian, akamnyooshea fimbo yake ya kuchungia. "Chukua. Na mwambieni atakayekuja kwamba Alma anakamuliwa akiimbiwa, la sivyo anapiga teke."

Korbinian alinyoosha mkono kuipokea.

"Usiishike!" Burgi alipiga kelele hata mbwa wa mzee akaruka.

Watu wote wakageuka.

"Ilikuwa nzima," alisema, na sauti yake ilikuwa inapasuka vipande, "nzima kwa Mwingereza!"

"Unasemaje?"

"Breki zilikuwa za Kiingereza. Nilimbadilishia yule Pettifer, nikasahau kuzirudisha. Magnus alibana kulia akitafuta gurudumu la nyuma, akashika la mbele, likamrusha. Hakukuwa na ng'ombe. Lango lilifungwa, Baba Serafin, ulilifunga! Nililifungua mimi nikikimbilia kwake, sikulirudisha. Mkono wako una akili kuliko sisi sote."

Mtu angesema sasa mambo yamekwisha, ukweli umetoka, tulie tukumbatiane. Subirini.

Korbinian aliweka kalamu chini. Aliinuka, akaishika baiskeli, akabana breki ya kulia, akasukuma. Gurudumu la nyuma likakwama. Akabana ya kushoto. La mbele likakwama. Akatazama mkutano, uso umejaa huruma.

"Sawasawa kabisa. Mnaona wenyewe. Burgi, binti yangu, sote tunampenda Serafin, lakini huwezi kumwokoa kwa kujitwika..."

"Nimezibadilisha leo asubuhi!"

"Mtoto ana moyo mwema," mzee mmoja alinong'ona.

"Sina moyo mwema! Nimezibadilisha leo, saa moja asubuhi, nimejifungia karakana kama mwizi!"

"Keti, Burgi," akasema mwingine. "Umechoka. Umelala lini?"

Hakuna aliyemwamini! Mnaona adhabu hiyo? Mtu siku nne anaogopa kusema kweli, siku anayoisema, kweli yenyewe ameshaifungia nati kwa mkono wake, imekaza, haionekani.

Mmoja tu hakusema "keti". Zenzi alikuwa amesimama polepole, na rangi ilikuwa inamtoka usoni kama maziwa yanavyoshuka kwenye glasi.

"Matope," alisema. "Uliniambia ina matope."

"Zenzi..."

"Nilikuletea keki."

"Ndiyo."

"Nikakufuta sukari begani."

Zenzi alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana, watu wakadhani atamzaba kofi. Hakumzaba. Laiti angemzaba!

"Kusahau ningekusamehe," Zenzi alisema taratibu. "Magnus mwenyewe amesahau mara tatu siku tuliyooana. Alhamisi ungeniambia, ningelia, ningekutukana, yakaisha. Lakini umeniacha siku nne namchukia mzee wa watu. Nimemwandikia barua, Burgi. Nimemwita muuaji."

"Barua haikufika," Serafin alisema haraka.

"Nimeiona mezani kwako, Baba," Zenzi alisema.

"Imefika, lakini sijui kusoma mwandiko wako." Alidanganya mzee wa watu, na wale rafiki wawili wakacheka bila kupenda.

Korbinian ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa bado ameshika usukani wa ile baiskeli.

"Burgi," alisema. "Umesema Pettifer."

"Ndiyo."

"Pettifer alikuja na mkewe."

"Ndiyo, na yeye nilim..."

"Ulimbadilishia na mkewe?"

"Siku moja. Zote mbili, Jumatatu. Lakini mke bado anayo, alisema atakaa nayo mpaka..."

"Alirudisha jana jioni." Korbinian akakaa kwenye benchi. "Ulikuwa umejifungia kwako, unasema unaumwa kichwa. Nilipokea mimi. Sikuona utepe. Nikaitundika."

"Iko ukutani? Korbinian, sema iko ukutani!"

Mzee aligeuka. Alimtazama Zenzi.

"Filomena wako alikuja dukani baada ya wewe kupanda huku," alisema. "Akasema amechoka kuogopa mlima, anataka kushuka ile njia ya baba yake mara moja tu, iishe. Nilimchagulia mwenyewe. Nyepesi, ya kike, imefika jana. Nikamwambia ni nzuri kama mpya."

"Filomena yuko kanisani," Zenzi alisema.

"Hayuko kanisani, mama."

Burgi alikuwa ameshaanza kukimbia. Alikimbia kupanda, moja kwa moja kwenye majani, mikono yote miwili hewani, akiita jina. Upepo ulikuwa unateremka. Ulimrudishia jina mdomoni.

Juu kabisa, pale njia inapoacha tambarare na kuanguka kuelekea ile kona, koti la njano lilichomoza angani. Msichana alikuwa hajagusa breki bado. Huko juu hakuna haja.

Aliona watu. Akamwona mama yake kati yao, amesimama, na Burgi anakuja akipunga mikono kama mtu anayeshangilia. Filomena akacheka, hata kutoka chini mtu angeona meno. Akainua mkono wa kushoto juu kabisa kuwapungia.

Wa kulia ukabaki peke yake kwenye breki.